Mkondo Hubeba, Kina Huamua: Safari za Viluwiluwi wa Kilindini

Kati ya mwisho wa 2005 na mwanzo wa 2006, volkano ililipuka kwenye sakafu ya Bahari ya Pasifiki, magharibi mwa Amerika ya Kati, mahali ambapo kina cha maji ni kama mita 2,500. Watafiti hupaita kwa latitudo yake tu: nyuzi 9 na dakika 50 kaskazini. Lava ilifunika sehemu kubwa ya chemchemi za maji moto zilizokuwa pale, na jamii nzima za minyoo, kome, kaa na konokono zikateketea. Kwa anayechunguza uhai wa kilindini, msiba kama huo una faida yake. Uwanja umefagiwa, na sasa anaweza kuangalia nani atakuja kwanza na atatoka wapi.

Waliokuja waliwashangaza. Miongoni mwao alikuwamo konokono mdogo aitwaye Ctenopelta porifera, ambaye katika miaka yote ya kupachunguza mahali pale hakuwahi kuonekana. Makao yake yaliyojulikana yako karibu na nyuzi 13 kaskazini, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo. Konokono mzima hatambai umbali huo juu ya mwamba mtupu, gizani, pasipo chakula. Aliyesafiri ni kiluwiluwi wake, mtoto ambaye huwezi kumwona vizuri bila hadubini.

Ukimuuliza mtu viluwiluwi hufikaje mbali, atakujibu kwamba mikondo ya bahari huwachukua. Si uongo, ila ni jibu fupi mno, na ufupi wake unapotosha. Linatufanya tudhani kwamba mkondo wenye nguvu ni neema, mkondo dhaifu ni hasara, na kiluwiluwi ni mzigo tu unaopelekwa. Kilindini mambo hayaendi hivyo. Mara nyingi mkondo wenye nguvu ndio unaoua, na huyo tunayemwita mzigo ana kauli katika safari yake.

Kwa nini lazima waondoke

Chemchemi za maji moto za kilindini ziligunduliwa 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, na nyambizi ya utafiti ya Marekani iitwayo Alvin ikawateremsha watu kuziona kwa macho yao. Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa za sakafu, hupata joto la volkano huko chini, kisha hurudi juu yakiwa yamebeba madini na gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Mengine hutoka yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 350 za Selsiasi, na hayatokoti kwa sababu uzito wa bahari iliyo juu yake hauyaruhusu. Bakteria hutumia kemikali hizo kutengeneza chakula bila kuhitaji jua, na wanyama huishi kwa bakteria hao.

Mnyama anayejulikana zaidi hapo ni Riftia pachyptila, mnyoo anayejitengenezea bomba jeupe na kuishi ndani yake, huku shungi lake jekundu likichungulia nje. Anaweza kufika urefu wa mita 2. Hana mdomo wala utumbo. Bakteria waliojaa mwilini mwake ndio wanaomlisha.

Shida ni kwamba chemchemi hizi hazidumu. Kwenye mgongo wa Pasifiki ya Mashariki, safu ya milima ya chini ya bahari ambako mabamba ya dunia yanatengana kwa kasi, chemchemi inaweza kuzimika baada ya miaka michache au miongo michache. Lava huifukia, au njia zake za chini huziba. Kati ya kundi moja la chemchemi na jingine kuna makumi ya kilomita, pengine mamia, ya mwamba baridi ambao mnyoo huyu hawezi kuishi juu yake. Mzazi ambaye watoto wake wote wanabaki nyumbani, ukoo wake unakwisha siku nyumba inapozimika.

Na wanapoondoka, hufika kweli. Volkano ililipuka mahali pale pale mwaka 1991 pia, mwezi Aprili. Machi 1992 watafiti waliporudi hawakuona Riftia hata mmoja kwenye chemchemi mpya. Desemba 1993 walikuta mabomba yenye urefu wa mita 1.5. Yaani katika muda usiotimia miaka miwili, viluwiluwi walikuwa wamefika, wametua, na wamekua kumzidi kimo mtoto wa darasa la saba. Ni mmoja wa wanyama wasio na uti wa mgongo wanaokua haraka kuliko wote wa baharini.

Hesabu inayoonekana rahisi

Tuanze na hesabu ambayo kila mtu angeifanya. Tuseme mkondo wa kilindini unakwenda sentimita 5 kwa sekunde. Kwa siku moja hiyo ni kilomita 4.3 hivi. Ukijua kiluwiluwi anaishi siku ngapi, unazidisha, na umepata umbali.

Mwaka 2001 kikundi cha watafiti wa Marekani kilichapisha matokeo ya kumlea Riftia tangu yai lilipotungwa, ndani ya vyombo vya mgandamizo vyenye hali kama ya nyumbani kwake: nyuzi 2 za Selsiasi na mgandamizo mara 250 ya ule wa hewa tunayovuta. Walipima nishati iliyomo kwenye yai, kisha wakapima kiluwiluwi anatumia kiasi gani kila siku. Kiluwiluwi huyu hali chochote njiani. Anategemea akiba ya kiini aliyowekewa na mama yake, kwenye yai ambalo upana wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Jibu lilikuwa wastani wa siku 38.

Zidisha siku 38 kwa kilomita 4.3, unapata kilomita 160 na ushee. Lakini walipoweka mwenendo halisi wa mikondo uliopimwa pale kwenye nyuzi 9 na dakika 50, badala ya kasi ya kudhani, umbali kwenye mstari wa mgongo ulizidi kilomita 100 kwa nadra sana. Nishati haikuwa tatizo. Mkondo wenyewe ndio uliokuwa ukigeuka: leo unaelekea kaskazini, baada ya siku kadhaa unarudi kusini, na kiluwiluwi aliyesogea kilomita 30 anarudishwa 20. Kisha zikaja siku za mfululizo ambazo maji yalikwenda upande, yakikata mgongo na kuwasukumia viluwiluwi kwenye tambarare za kilindi ambako hakuna chemchemi hata moja.

Ukishaliona hilo, swali zima linageuka. Chemchemi za mgongo wa bahari zimepangwa kwenye mstari mwembamba, na nje ya mstari huo hakuna pa kutua. Mkondo unaokupeleka kilomita 200 magharibi umekutupa. Mkondo unaokuzungusha na kukurudisha umbali wa kilomita 15 kutoka ulikozaliwa huenda ndio umekuokoa. Makala nyingi kuhusu jambo hili hushangilia umbali, nami naona zinashangilia upande usiofaa. Kwa wengi wa wanyama hawa, kazi kubwa ni kutopotea.

Maji ya huko chini yanasukumwa na nini

Msomaji wa pwani yetu ana kawaida ya kufikiria mikondo kwa kaskazi na kusi, na ana haki. Wakati wa kusi, Mkondo wa Somalia hukimbia kuelekea kaskazini kwa kasi inayoweza kuzidi mita 2 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 170 kwa siku. Kaskazi ikiingia, mkondo huo huo hugeuka na kushuka kusini, ukakutana na ule wa pwani ya Afrika Mashariki unaopanda kaskazini mwaka mzima. Baharia wa jahazi aliyajua haya bila kifaa chochote.

Hayo ni maji ya juu, yanayosukumwa na upepo. Chini kabisa, msukumo mkuu ni uzito wa maji yenyewe. Maji yaliyopozwa kando ya barafu ya Antaktika, yakiwa na chumvi ya kutosha, huwa mazito, huzama, na kutambaa kuelekea kaskazini yakifuata mabonde ya sakafu. Sehemu yake huingia Bahari ya Hindi, hupita mashariki mwa Madagaska, na kupenya kwenye njia nyembamba karibu na visiwa vya Amirante vya Ushelisheli hadi kwenye bonde la Somalia. Kwa hiyo chini ya maji vuguvugu ambamo wavuvi wetu wanafukuza jodari, kuna maji ya Antaktika yanayopita polepole gizani.

Kupwa na kujaa kwa maji kunafika huko pia, kukiyasukuma maji mbele na nyuma kila siku. Halafu kuna umbo la sakafu. Mgongo wa bahari ni safu ya milima, na mlima hugeuza mkondo. Vipimo vya Pasifiki ya Mashariki, karibu na nyuzi 9, vilionyesha mikondo miwili inayokwenda sambamba na mgongo: mmoja ubavu wa magharibi unaelekea kaskazini, mwingine ubavu wa mashariki unaelekea kusini. Kati yake, juu ya kilele penyewe, maji huyumba huku na huko. Tofauti ya kilomita chache tu kuvuka mgongo inatosha kubadilisha mwelekeo wa safari.

Na si kuvuka tu, kupanda pia. Mita chache kutoka sakafuni, kuta za bonde jembamba lililo kileleni mwa mgongo huzuia maji yasitawanyike. Mita 200 juu zaidi kuta hazipo tena. Maji ya chemchemi, kwa kuwa ni moto na mepesi, hupanda kama mita 100 hadi 300, hupoa yakichanganyika na maji baridi, kisha husambaa kama wingu la moshi. Viluwiluwi wamepatikana ndani ya mawingu hayo, kwa mfano juu ya mgongo wa Juan de Fuca, kando ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Aliyevutwa na moshi huo anaingia kwenye mikondo ambayo mwenzake aliyebaki sakafuni hataikuta kamwe.

Kauli ya kiluwiluwi

Hapa ndipo mtoto huyu asiyefika milimita moja anapoingia kwenye hesabu. Wengi wana vinyweleo laini vinavyopiga maji. Kwa vinyweleo hivyo hawezi kushindana na mkondo wa sentimita 5 kwa sekunde. Lakini kwenda juu na chini ni jambo jingine, kwa sababu maji ya kilindini husogea zaidi kwa upana kuliko kwa wima. Tuseme anapanda nusu milimita kwa sekunde. Ni mwendo wa kuchekesha, ila kwa siku nzima ni mita 43, na kwa siku tano amepita mita 200 na amebadilisha mkondo. Abiria wa daladala hashiki usukani, lakini anachagua kupanda gari la Mbagala au la Gongo la Mboto, na uchaguzi huo unaamua atalala wapi. Kiluwiluwi anachagua kwa kina.

Kitu cha pili alichonacho ni muda, na muda hutegemea mambo mawili: chakula na baridi. Riftia, tuliyemwona, ana akiba ya siku 38 hivi. Wengine hula njiani na kwa hiyo hawana siku ya mwisho iliyo wazi. Baridi nayo hupunguza kasi ya mwili kutumia nishati, kwa hiyo kiluwiluwi katika maji ya nyuzi 2 huishi kwa akiba ambayo katika maji ya joto ingekwisha upesi.

Yupo mmoja anayetumia baridi kwa namna ya pekee. Mnyoo wa Pompeii, Alvinella pompejana, hujenga mirija yake kwenye kuta za minara ya madini inayotoa maji moto kama moshi, mahali pa joto kali kuliko wanyama wengi wanavyoweza kustahimili. Ungetarajia mayai yake yakitupwa kwenye maji ya nyuzi 2 yafe. Utafiti uliochapishwa 2001 ulionyesha kwamba hayafi, yanasimama. Kiinitete huacha kukua, hukaa hivyo hivyo, na kikirudishwa kwenye maji yenye joto kiasi huendelea pale kilipoishia. Safari yote ya baridi katikati ya chemchemi mbili haihesabiwi kwenye umri wake. Sijui mnyama mwingine wa kilindini aliyenifanya nisimame kusoma tena ukurasa kama huyu.

Kome wa Ghuba ya Meksiko wamefuata njia nyingine kabisa. Kome aliyekuwa akiitwa Bathymodiolus childressi huishi sakafuni, mahali gesi ya methani inapovuja. Viluwiluwi wake, badala ya kubaki kilindini, hupanda hadi tabaka la juu la bahari. Wamenaswa katika mita 100 za juu. Huko kuna chakula na kuna mikondo ya kasi, na inakadiriwa wanaweza kuishi zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kutua. Gharama yake ni kubwa: samaki wa kuwala, joto, na uwezekano wa kutorudi tena juu ya mahali panapovuja methani. Lakini ndugu wa karibu wa kome hawa wanapatikana upande wa pili wa Atlantiki, kando ya Afrika Magharibi. Ukoo ambao watoto wake wanatumia mikondo ya juu unaweza kuvuka bahari nzima. Ukoo unaong'ang'ania sakafu ni vigumu.

Hapo zamani, katikati ya karne ya 20, mwanabiolojia wa Denmark Gunnar Thorson alijenga hoja kwamba wanyama wa bahari baridi na wa kilindini kwa jumla hawaachii viluwiluwi wa kuogelea, wanalea watoto karibu. Kwa ushahidi wa wakati wake haikuwa hoja mbaya. Chemchemi ndizo zilizoharibu mpango huo.

Upepo wa Meksiko unapofika kilindini

Turudi kwa yule konokono wa kilomita 300. Kwa mkondo wa sentimita 5 kwa sekunde, ulionyooka bila kugeuka hata siku moja, angehitaji karibu siku 70. Na tumeona mikondo ya pale hainyooki. Alifikaje?

Maelezo yanayoelekea zaidi yalitoka mahali ambapo watafiti wa kilindini hawakuzoea kutazama: angani. Kusini mwa Meksiko kuna pengo kati ya milima, kwenye shingo ya nchi ya Tehuantepec. Majira ya baridi, upepo kutoka Ghuba ya Meksiko hupenya pengo hilo kwa nguvu na kuipiga Pasifiki. Bahari inaposukumwa hivyo huzaa mizunguko ya maji yenye upana wa mamia ya kilomita, ambayo hujitenga na pwani na kusafiri taratibu kuelekea magharibi, hadi juu ya mgongo wa Pasifiki ya Mashariki. Satelaiti huiona kwa sababu inainua au kushusha uso wa bahari kidogo.

Mwaka 2004 hadi 2005 watafiti walikuwa wameweka vipimo vya mkondo na mitego ya viluwiluwi sakafuni pale nyuzi 9 na dakika 50. Mzunguko mmoja wa namna hiyo ulipopita juu, mikondo ya kilindini iliongezeka kasi, na idadi ya viluwiluwi kwenye mitego ikashuka, pamoja na chembe za madini ya chemchemi. Kitu kilichozaliwa na upepo juu ya uso wa maji kilikuwa kimefika mita 2,500 chini na kufagia watoto wa chemchemi. Matokeo hayo yalichapishwa 2011, na waandishi wake waliongeza jambo ambalo halipaswi kupita kimya: mizunguko hiyo ina majira, na inaguswa na El Niño. Ile hali ya hewa iliyotuletea mafuriko ya 1997 na 1998 ina mkono hadi kwenye uzazi wa konokono wasioliona jua.

Kwa viluwiluwi wengi, mzunguko wa aina hiyo ni kifo, kwa kuwa unawatoa kwenye mstari wa chemchemi na kuwamwaga pasipo na kitu. Kwa wachache sana, ni usafiri wa mamia ya kilomita kwa muda mfupi. Ctenopelta huenda alikuwa mmoja wa hao wachache, naye alikuta jambo jingine la bahati: wenyeji wameteketea, nafasi iko wazi. Angefika mwaka mmoja kabla ya mlipuko, pengine asingepata pa kukanyaga.

Wanavyojuaje

Hakuna kiluwiluwi wa kilindini aliyewahi kufuatwa kutoka alikozaliwa hadi alikotua. Ni mdogo mno, na bahari ni kubwa mno. Kila tunachokijua kimeunganishwa kutoka vipande.

Chukua kazi ya kuwatambua tu. Pampu iliyowekwa karibu na sakafu huvuta maji kwa saa nyingi na kuyapitisha kwenye kichujio chenye matundu madogo kuliko yai. Kinachobaki huletwa melini, humwagwa kwenye kisahani chini ya hadubini, na mtu hukaa kukichambua kwa sindano na pipeti: punje za salfaidi, vipande vya magamba, kinyesi cha wanyama wengine, na humo ndani konokono mmoja mmoja. Gamba la kwanza la kiluwiluwi wa konokono lina nakshi zake, mistari au vijishimo, na hubaki kwenye ncha ya gamba la mzima. Kwa kulinganisha nakshi hizo mtaalamu anaweza kusema huyu ni wa spishi gani. Minyoo hawana gamba, kwa hiyo kwao inabidi kutumia vinasaba.

Vinasaba hutumika pia kupima undugu kati ya chemchemi za mbali, na hapa pana mtego ambao hata wasomi huutumbukia. Uduvi wa mgongo wa katikati ya Atlantiki, Rimicaris exoculata, wamelinganishwa katika maelfu ya kilomita na kuonekana karibu sawa. Rahisi kuhitimisha kwamba viluwiluwi wao husafiri maelfu ya kilomita. Si lazima. Mmoja akienda chemchemi ya jirani, mjukuu wake akaenda ya mbele yake, damu itachanganyika mgongo mzima bila yeyote kusafiri mbali. Tena kinachohitajika ni wahamiaji wachache tu kwa kila kizazi. Lakini wahamiaji wachache hawawezi kujaza tena makao yaliyofutwa yote. Kufanana kwa vinasaba kunasema njia ipo. Hakusemi kama watapita wa kutosha, wala lini.

Kufika si kutua

Kiluwiluwi wa Riftia akifika penye kemikali na joto sahihi hushuka, na hapo ana kazi moja ya haraka. Anazaliwa bila bakteria wanaomlisha. Lazima awapate kutoka kwenye maji ya mahali alipotua, nao humwingia kupitia ngozi. Wakishakaa, utumbo alioanza nao hupotea. Akitua pasipo na bakteria hao, safari yote imekwenda bure.

Wapo walio na sharti gumu zaidi. Osedax, minyoo walaji wa mifupa waliopatikana 2002 kwenye mzoga wa nyangumi huko Monterey, California, karibu mita 2,900 chini, hawahitaji chemchemi bali nyangumi aliyekufa. Inadhaniwa kwamba kiluwiluwi anayetua kwenye mfupa huwa jike. Anayetua juu ya jike hubaki dume mdogo sana, anayeishi ndani ya bomba la jike huyo pamoja na madume wenzake.

Na mwaka 2024 picha ikaongezeka utata. Watafiti waliotumia roboti iitwayo SuBastian pale pale Pasifiki ya Mashariki waliinua vipande vya lava na kukuta mashimo yenye joto chini yake, na ndani ya mashimo minyoo wazima, wakiwamo Riftia, pamoja na konokono. Walipendekeza kwamba viluwiluwi husafirishwa pia na maji yanayopita ndani ya ganda la dunia, chini ya sakafu. Ikithibitika, kuna barabara nzima ambayo vipimo vya mikondo vilivyowekwa juu ya sakafu havikuwahi kuiona.

Bahari yetu wenyewe

Kwenye Bahari ya Hindi, mahali ambapo migongo mitatu hukutana kusini-mashariki mwa Morisi, kuna chemchemi ziitwazo Kairei. Mwaka 2001 alipatikana hapo konokono Chrysomallon squamiferum, ambaye mguu wake umefunikwa na magamba yaliyopakwa salfaidi ya chuma. Kundi jingine liko Solitaire, mamia ya kilomita kaskazini kwenye mgongo huo huo, na hao magamba yao hayana chuma. Kundi la Longqi liko kwenye mgongo mwingine, kusini-mashariki mwa Madagaska, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Kairei. Kiluwiluwi wake hategemei kula njiani, anaishi kwa kiini cha yai. Vinasaba vilipolinganishwa, Kairei na Solitaire zilionekana kubadilishana watoto. Longqi ilikuwa kando, ikipokea kidogo sana kutoka kwao.

Chemchemi hizo hizo zimezungukwa na shaba, zinki na dhahabu. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, imetoa mikataba ya kutafuta madini kwenye migongo ya Bahari ya Hindi: China upande wa kusini-magharibi, ambako Longqi ipo, na Ujerumani upande wa kati, ambako Kairei ipo. India nayo ina mkataba wake. Ni mikataba ya utafutaji, uchimbaji haujaanza. Mwaka 2019 konokono huyu aliwekwa kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini, akiwa wa kwanza kuingia humo kwa sababu ya tishio la uchimbaji wa kilindini. Maeneo yote aliyokuwa akijulikana kuishi wakati huo, ukiyajumlisha, yalikuwa hekta chache tu.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa mamlaka hiyo. Wajumbe wao wakiambiwa kwamba chemchemi iliyochimbwa itajazwa tena na viluwiluwi kutoka jirani, la kuuliza ni jirani yupi, wa spishi ipi, kiluwiluwi wake anasafiri kwenye kina gani, na mkondo wa kina hicho unaelekea wapi. Kwa konokono wa Longqi, vinasaba vimeshatoa sehemu ya jibu: kutoka Kairei, hafiki wa kutosha.